Shahidi wa Tatu

Kesi yangu ya kwanza niliipoteza kwa kupiga kelele. Nilimvaa askari mpelelezi kama mtu anayefukuza kuku jikoni, nikammwagia maswali matatu kwa pumzi moja, naye akachagua lile jepesi, akalijibu, kisha akanitazama kwa huruma. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Wakili," akasema, "hapa si mnadani."

Watu wakacheka. Nikaketi, joho langu jipya linanibana shingoni.

Bosi wangu hakunigombeza. Alikuwa mzee ambaye mawakili wote walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha neno wala hatua. Kesho yake alimkalisha karani wetu kwenye kiti katikati ya ofisi, akaniambia, "Huyu mama amekunywa chai leo asubuhi. Mfanye akiri. Swali fupi, jambo moja."

"Leo asubuhi ulikunywa chai, na uliinywa wapi, na nani?" nikamuuliza.

"Hayo matatu," karani akajibu. "Hata mimi nisiyesoma sheria nimeyahesabu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Miezi minane nilimhoji karani, nikamhoji fundi aliyekuja kurekebisha mlango, nikalihoji kabati. Taratibu alikaa pembeni amefumba macho, akisikia kosa anagonga meza kwa kidole. Alinifundisha kusimama bila kuyumba. Alinifundisha kutomuuliza shahidi "kwa nini", kwa sababu ukimuuliza hivyo umemkaribisha akae ahadithie. Zaidi ya yote alinifundisha kuketi. "Mawakili wengi hushinda," alikuwa akisema, "halafu wanaendelea kuuliza mpaka wanashindwa. Ukishapata, binti, keti."

Na jioni, kazi ikiisha, nilikuwa na shahidi mwingine.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtaani kwao wakubwa kwa wadogo walimwita hivyo hivyo, Mwalimu. Tulikuwa na benchi letu nyuma ya uwanja wa shule, wanafunzi wakishaondoka. Mimi nauliza, yeye anajibu. Sijapata kuona shahidi mbaya kama yule.

"Siku ya tukio ulikuwa nyumbani?"

"Ndiyo, nakupenda."

"Jibu swali, shahidi. Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa nawe moyoni. Andika hivyo hivyo, Mheshimiwa."

Nilikuwa nampiga kwa daftari, naye anacheka hadi anashika mbavu. Alikuwa na macho ya upole, yale yanayokutazama kana kwamba umesema jambo la maana hata kama umepiga chafya tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na sikujua kwamba mtu anaweza kupumzika hivyo mbele ya mtu mwingine.

Kikwazo kilikuwa mama yake.

Alikuwa mjane. Alimlea mwanawe huyo mmoja peke yake, na hakuwa tayari kumpa mtu yeyote tu. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake, alinipokea vizuri, akaniuliza kazi yangu.

"Mimi ni wakili, Mama."

"Yaani unalipwa kubishana."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipoondoka alimwambia mwanawe maneno ambayo Mwalimu, kwa ujinga wa wanaume, alikuja kunisimulia yote: "Mke ni mtu wa kusikilizana. Huyu utakula naye chakula au utatoa naye ushahidi?" Mwaka mzima hakutaka kunisikia.

Lakini Mwalimu hakuacha kunisimulia habari zake, kwa kuwa alimpenda sana. Siku moja, amelaza kichwa mapajani pangu pale benchini, alianza kucheka peke yake.

"Nini?"

"Mama. Jana kamwamkia shati."

"Shati gani?"

"La jirani, liko kwenye kamba. 'Hujambo, baba? Umeamkaje?' Kimya. Akarudia. Kimya. Akaingia ndani amenuna, ati vijana wa siku hizi hawana adabu." Alijifuta machozi ya kicheko. "Macho yake yamekwisha, mpenzi. Daktari kamwandikia miwani tangu mwaka juzi, ameifungia kabatini. Anasema inamzeesha. Mimi mwenyewe nikiwa getini hanijui mpaka nimpigie hodi." Kisha akaniwekea kidole mdomoni. "Usimwambie mtu. Akijua nimekuambia ataninyonga."

"Nani atanitoa siri mimi?" nikasema, nikambusu kidole.

*

Mama Mwalimu alikuwa na shoga yake mmoja tu, mwanamke aliyekuwa na cherehani barazani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Waliishi jirani miaka ishirini na miwili. Alfajiri moja, yule fundi cherehani akivuka njia panda kwenda kununua uzi, gari dogo jeupe la mizigo lilimgonga, likapunguza mwendo kidogo, likaondoka. Alifariki pale pale. Mama Mwalimu alikuwa getini kwake ana fagio mkononi. Alisema ameona yote. Alisema amemwona dereva.

Mazishini nilikwenda. Nilikaa nyuma. Nilimwona yule mama amekaa chini, analia bila sauti, ameshika mkasi wa marehemu, hataki mtu auguse. Wiki mbili baadaye polisi walimkamata kijana aliyekuwa akisambaza mkate kwa gari la kiwanda. Walimpanga pamoja na wanaume wengine tisa, wakamleta Mama Mwalimu achague. Alimnyooshea kidole bila kusita.

Miezi ilipita. Sikuwahi kufikiria kwamba kesi ile itakuja mezani kwetu. Lakini wakili wa yule kijana alijitoa, familia yake ikamjia Taratibu, na Jumanne moja asubuhi Taratibu akaniwekea faili mbele yangu.

"Mashahidi wako watatu. Mpelelezi na daktari ni wangu. Wa tatu ni wako. Umeiva."

Niliisubiri siku ile miezi minane. Nikafungua faili, nikaona jina la shahidi wa tatu, nikalifunga.

"Mzee, huyu siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mama wa mchumba wangu."

Taratibu alifumba macho kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza nilisikia karani ameacha kupiga chapa.

"Mmeoana?"

"Bado. Alikuwa hanitaki."

"Basi kisheria tutamweleza mteja, tutamweleza na hakimu, wakikubali inatosha. Lakini hilo si la sheria. Ukitaka kujitoa, jitoe, nitamhoji mimi." Akafumbua macho. "Kuna kitu unakijua kumhusu?"

Nikaangalia jalada la faili.

"Usiniambie sasa," akasema. "Ukiniambia nitakitumia, maana ndiyo kazi yangu. Nenda kwanza ukamwone mteja. Ila ujue hili, binti. Ukiamua kukitumia, usinipe mimi nikuulizie wewe ujifiche nyuma ya mgongo wangu. Utasimama mwenyewe, yule mama akuone."

Mchana nikaenda rumande. Yule dereva alikuwa amekonda hadi shati linaning'inia. Alikuwa na mikono mikubwa iliyozoea kubeba kreti, na hakujua pa kuiweka.

Nikamweleza kwanza kwamba namfahamu shahidi, nikamweleza na namna ninavyomfahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utaniulizia vizuri?"

"Nitauliza."

"Basi uliza wewe. Yule mama ananijua. Kila siku nashusha mkate duka la pale kwao, ananunua kwangu mwenyewe, mkono kwa mkono. Hana ubaya nami. Hata sasa sielewi." Akaangalia mikono yake. "Saa ile nilikuwa upande wa pili wa mji, nashusha. Mlinzi aliyenifungulia geti ameacha kazi, hajulikani alipo. Saa ile ya alfajiri nani mwingine anakuona? Dada wakili, wewe unaniamini?"

Taratibu alishanikanya kwamba hilo si swali la kumjibu mteja. Nilisema, "Nimesoma faili lako lote." Lakini nilipotoka nje nilijua jibu langu. Nilikuwa namwamini. Na nilikuwa najua kitu ambacho katika dunia nzima walikijua watu watatu tu: mama, mwanawe na mimi.

*

Alhamisi Mwalimu alinipigia simu nikiwa kazini, sauti inaruka kwa furaha. Nilimkuta benchini amevaa shati safi, ana chaki kwenye kiwiko.

"Mama amekubali!"

"Amekubali nini?"

"Wewe! Amesema nikulete Jumapili. Tangu shoga yake afe amekuwa mpweke, jana usiku kaniambia, 'Basi mlete huyo mbishi wako, nyumba imezidi ukimya.' Mbishi wako! Unasikia? Amekwisha kukupenda huyo."

Alinikumbatia. Harufu ya sabuni na jasho la siku nzima ya darasani. Nilimshika kwa nguvu, naye akadhani ni furaha.

"Kesho anakwenda mahakamani," akasema juu ya nywele zangu. "Ile kesi ya marehemu. Anaogopa kidogo. Nina kipindi cha asubuhi, nitamfuata baadaye. Wewe unajua mambo ya huko, si watamwuliza tu alichokiona?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningemwambia, angefanya nini? Alikuwa mtoto mwema. Angerudi nyumbani, angemwambia mama yake ajihadhari. Kesho yake yule mama angepanda kizimbani amevaa miwani, anasoma hata maandishi ya ukutani, na kijana wa mkate angefungwa.

"Watamwuliza alichokiona," nikasema.

"Mbona umepoa?"

"Kazi tu."

Aliniinua kidevu, akanitazama kwa yale macho yake. "Ukiwa mke wangu hutaniambia 'kazi tu'. Utaniambia yote. Sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia, na sikuutamka.

*

Ijumaa chumba cha mahakama kilijaa. Taratibu alisimama, akamweleza hakimu kwa ufupi kwamba wakili mwenzake anafahamiana na familia ya shahidi wa tatu, na mteja ameridhia. Hakimu, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, alimgeukia Mama Mwalimu aliyekwisha panda kizimbani.

"Shahidi, unamfahamu wakili huyu?"

Alinyoosha shingo kuelekea upande wangu. Nikasema, "Shikamoo, Mama," naye sauti ikamfikia. Uso ukabadilika. Mshangao kwanza, kisha kitu kama maumivu, kisha akanyanyua kidevu.

"Namfahamu. Ni rafiki wa mwanangu." Akamgeukia hakimu. "Aulize tu. Mimi nasema kweli, kweli haina mkwe."

Alimaliza kumjibu mwendesha mashtaka, akasimulia alfajiri ile kwa sauti isiyotetemeka, akamnyooshea kidole kijana wa mkate. Watu waliguna. Hata mimi, kama nisingejua nilichokijua, ningemwamini.

Nikasimama. Miguu haikuyumba.

"Mama, pole kwa msiba."

"Asante."

"Mshtakiwa ulikuwa unamjua kabla ya siku ile?"

"Ndiyo. Analeta mkate dukani kwetu."

"Umewahi kununua mkate mkononi mwake?"

"Mara nyingi."

"Ukiwa karibu naye kama karani huyu wa mahakama alivyo karibu nawe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hata pasingetokea ajali, kwenye gwaride la utambulisho ungemtambua?"

Alisita. "Ningemtambua, ndiyo."

Nyuma yangu nilisikia kidole cha Taratibu kikigusa meza mara moja, kwa upole. Haikuwa alama ya kosa.

"Gari lililomgonga marehemu lilikuwa jeupe?"

"Jeupe."

"Kama la mkate?"

"Kama la mkate."

"Kutoka getini kwako mpaka njia panda ni hatua sitini?"

"Polisi walipima. Sitini."

"Jua lilikuwa limechomoza?"

"Bado. Lakini kulikuwa na mwanga."

"Mama, daktari wa macho amewahi kukuandikia miwani?"

Mkono wake ukatafuta ukingo wa kizimba, ukaushika. Hakunitazama mimi, alitazama mahali pasipo na mtu. Nilijua anajiuliza nani amesema, na nilijua amepata jibu.

"Ndiyo," akasema.

"Alfajiri ile ulikuwa umeivaa?"

"Hapana."

"Leo umeivaa?"

"Hapana. Lakini namwona mtu. Mimi si kipofu!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Juu ya mlango wa nyuma kulikuwa na saa ya ukutani, na jana yake nilihesabu hatua kutoka kizimbani: kumi na tano. Nilitaka kumwomba asome saa. Nikageuka kuionyesha, na chini ya ile saa, pale ambapo asubuhi alikuwa amesimama askari, nikamwona Mwalimu.

Alikuwa ameingia kimya, hajapata pa kukaa. Chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Alikuwa ananitazama mimi, kisha mama yake, kisha mimi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ningeweza kuuliza saa. Naapa ningeweza. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini mikononi mwangu mlikuwa na maisha ya mtu, na miezi minane ya mafunzo, na nilikwisha ona kwamba hakimu anaweza kusema saa ile ni ndogo, hata wenye macho mazima hawaisomi. Uso wa mwana hausemwi hivyo.

"Mama," nikasema, "yule aliyesimama mlangoni ni nani?"

Mwendesha mashtaka akaruka. "Pingamizi, Mheshimiwa! Hili linahusiana nini na..."

"Linahusiana," hakimu akamkata. "Shahidi, jibu."

Mama Mwalimu akageuka. Alikaza macho. Alikaza kwa bidii ya kusikitisha, uso wote umekunjamana, huku mwanawe amesimama hatua kumi na tano mbele yake, hasogei, hapumui.

"Ni askari," akasema.

Mtu mmoja alicheka, akakatishwa na kimya cha wengine. Hakimu akasema, "Wewe uliye mlangoni. Wewe ni nani?"

Alimtazama mama yake.

"Ni mimi, Mama," akasema. Hakumjibu hakimu. "Ni mimi."

Sijui niuelezeje ule uso wa yule mama. Ulibaki umegeukia sauti ya mwanawe, mdomo wazi kidogo, kisha ukageuka polepole kumtafuta kijana wa mkate aliyekuwa kando yake kabisa, akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa," nikasema. Nikaketi.

"Vizuri," Taratibu alininong'oneza. Nilikuwa nimelitamani neno lile tangu siku niliyovaa joho. Lilinipita kama upepo wa mlango.

*

Alinisubiri koridoni, karibu na ubao wa matangazo. Alikwisha mkalisha mama yake kwenye benchi la mbali, jirani mmoja amemshika mkono.

"Nilikuambia mimi," akasema. "Nilikuambia kichwa changu kiko mapajani mwako."

"Najua."

"Nilikuwa nacheka."

"Najua, mpenzi."

"Usiniite hivyo hapa." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayotumia kwa mwanafunzi aliyemvunja moyo. "Jana ulikuwa umekwisha jua. Nilikuambia kuhusu Jumapili, ukanikumbatia, na ulikuwa umekwisha jua."

"Yule kijana hana hatia."

"Sijasema anayo! Mimi si mtoto, nimeona mwenyewe. Mama hakumwona. Sawa. Lakini ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Akaangalia ubao wa matangazo.

"Ungemwambia Mama," nikasema. "Naye angevaa miwani."

Akageuza uso. Nilijua ni kweli, na yeye alijua, na kweli ile ikakaa kati yetu kama mtu wa tatu.

"Kwa hiyo hukuniamini," akasema hatimaye.

"Nilikupenda."

"Sikukuuliza hilo." Macho yake yalijaa, hayakumwagika. "Na mlangoni? Saa ilikuwa juu ya kichwa changu. Ulinyoosha mkono kuelekea saa, nimekuona, halafu ukaniona mimi. Ulichagua."

Ningeweza kukana. Hakuna shahidi mwingine aliyekuwa ndani ya kichwa changu.

"Nilichagua," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jumla ya hesabu ndefu. "Mama yangu hakunijua mbele za watu," akasema. "Mtu akacheka. Usiku atalala na hilo, na mimi ndiye niliyekupa."

"Nipe nafasi nije nimwangukie."

"Ukimwangukia ataniona mimi niliyekuambia."

Nikamshika mkono wa shati. Hakuutoa kwa nguvu. Aliondoa vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole ule ule wa siku zote, na hilo ndilo lililonivunja. Angenitukana ningejitetea.

Jumapili ilipita. Nilioga, nikavaa, nikakaa kitandani mpaka jua likazama.

*

Baada ya wiki mbili hakimu aliamua kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Kijana wa mkate alilia mbele za watu, mama yake akanipigia magoti koridoni nikamwinua haraka. Mawakili waliokuwa wakinicheka walinipa mkono. Taratibu akaniletea mafaili mawili mengine. Hakuna aliyekamatwa badala ya yule kijana. Aliyemuua fundi cherehani hajulikani mpaka leo.

Jumatano iliyofuata karani alifungua mlango wa ofisi, akasema kwa sauti isiyo yake, "Kuna mgeni wako."

Alikuwa Mama Mwalimu, peke yake. Nikasimama hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nionyeshe pa kukaa."

Nikamkalisha. Alikuwa amezeeka kwa wiki chache kuliko wengine wanavyozeeka kwa miaka mingi. Aliweka mikono mapajani. Nilitaka kusema samahani, lakini nilikwisha kuisema mara mia peke yangu chumbani, ikawa imechakaa.

"Nina jambo nataka kukuuliza," akasema. "Wewe ndiye unayejua kuuliza, lakini leo niache mimi."

"Uliza, Mama."

"Nikifumba macho, namwona. Yule kijana. Yuko ndani ya gari, amegeuka, ananitazama, halafu anaondoka. Namwona mpaka ukosi wa shati. Naapa kwa Mungu, mwanangu, sikudanganya."

"Najua hukudanganya."

"Sasa nilimwona, au sikumwona?"

Machozi yalinishuka. "Hukumwona, Mama. Uliona gari jeupe. Uso ulikuwa unaujua tangu dukani."

Alitikisa kichwa. "Nilimpenda sana shoga yangu. Nilitaka awepo mtu." Alivuta pumzi. "Nimekwenda kwa yule kijana jana. Nimemwomba radhi. Amenipa maji ya kunywa. Ni mtoto mzuri. Angefungwa kama wewe usingesimama." Akanigeukia. "Ulinidhalilisha. Sitasema hukunidhalilisha. Lakini mwanangu angeshikwa bure, ningeomba Mungu ampe mbishi kama wewe. Nimemwambia hivyo."

Nikainama mezani kumsogelea.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia akurudie. Nimesema nimekubali, na safari hii kwa moyo wote. Mwaka mzima alinibembeleza nikukubali, sasa nambembeleza mimi." Akatikisa kichwa. "Hataki. Kila nikiingia chumbani anatoka. Si kwako tu, hata mimi hanitazami vizuri, anajiona yeye ndiye aliyetufanyia haya. Ameomba shule nyingine. Mbali. Ameondoka leo asubuhi na mabegi mawili."

Nje ya mlango karani hakupiga chapa.

"Ameacha neno?" nikauliza.

"Ameniapisha nisikuambie alikokwenda."

Nikainamisha kichwa.

"Sitakuambia," akasema Mama Mwalimu. "Nimeapa mara moja maishani nikaapa vibaya. Hata uniulize kwa ule ufundi wako."

Kisha akangoja. Hakuinuka, hakuchukua mkoba wake. Alikaa amenielekea, mikono mapajani, midomo imeachana kidogo, na nilimwelewa kama nilivyofundishwa kuwaelewa mashahidi. Lilikuwa limemjaa kinywani. Swali moja fupi, la jambo moja, lingetosha. Labda mawili. Ndilo alilolijia.

Nilimtazama nikamwona tena kizimbani, uso umekunjamana, anamtafuta mwanawe.

"Ngoja nikuletee chai, Mama," nikasema.

Nikatoka, nikasimama karibu na birika muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Niliporudi alikuwa amekwisha futa uso. Tukanywa pamoja, hatukuulizana kitu.